Kuifuata Wimbi ya Mama Yetu Bondeni kwa Kobilo

Waliokuwepo

Tuliokwenda tulikuwa watu watatu na punda. Mimi Tabsabei, ambaye hapa Kiplombe mnaniita Mama Kimutai, kwa jina la mwanangu aliyekwenda vita vya Burma asirudi. Nekesa, Mama Wafula, mke wa mpishi wa Kaburu wetu mwenye shamba; yeye ni mtu wa Kimilili, ambaye mlango wake na wangu inatazamana. Na Kiptoo, mtoto wa ndugu yangu Chesire. Yeye alikwenda vita vilevile na akarudi, na punda aliyemnunua akamwita Sajini, akisema kwamba sasa ni zamu yake kumwamrisha sajini. Tuliowaacha nyumbani ni Jerotich, mjane wa Kimutai, na watoto wake Jepkemboi na Kibet. Na tuliyemwendea ni Kobilo, dada yangu, tumbo moja, ambaye aliolewa na Cheboi kule chini katika bonde la Kerio.

Tangu mle ugali wa wimbi nyumbani kwangu baada ya mavuno haya, wengi mmeniuliza nilikwenda kufanya nini bondeni na umri huu. Nimeona afadhali niandike mara moja kuliko kurudia kwa kila mlango. Shule yangu ni ile ya jioni ya kanisani, nilijua herufi nikiwa tayari na wajukuu, kwa hiyo mkiona mstari umepinda someni tu, maneno yenyewe yamenyooka.

Mama yetu alikuwa na kibuyu cha mbegu ya wimbi, ile wengine huita ulezi, kilichotundikwa juu ya meko mpaka kikawa cheusi. Kobilo alipoolewa akapewa nusu ya mbegu ile. Nilipoolewa mimi nikapewa nusu iliyobaki. Yeye akateremka nayo bondeni kwenye mawe na jua. Mimi nikaja nayo huku juu, na mvua ya huku mnaijua. Wimbi yangu ikanenepa. Miaka ikapita, ikawa inanifika kifuani, masuke yake kama ngumi ya mwanamume. Watu wa Turbo walikuwa wakisimama njiani kuitazama, na mimi sikuwafukuza.

Sifa hiyo ikamfikia Kobilo. Akaniletea neno kwa wachuuzi wa asali kwamba na yeye anataka mbegu ya masuke makubwa. Nikamchagulia iliyo bora kuliko zote, nikajaza kibuyu, nikatuma. Kumbe ilipopandwa kule ilitoa majani tu. Ilisimama na ubichi wake ikingoja mvua ya Kiplombe, na mvua ya Kiplombe haiendi Kerio. Mwaka ule watoto wa Kobilo walikula matunda ya porini. Neno lililonirudia kwa wachuuzi lilikuwa moja: “Mwambieni Tabsabei nimepokea majani yake.” Baada ya hapo hatukupeana hata salamu.

Sasa mnakumbuka ile misimu mibaya. Mvua ilianza vizuri ikakatika, na wimbi yangu ikafa imesimama, ndefu, nzuri, bila punje. Msimu uliofuata nikapanda ya mwisho, ikafanya vilevile. Ile ya kununua Sisibo, mjini, nayo ilikauka, mahindi ya Kaburu yakakauka, na Nekesa naye akabaki bila mbegu. Kibuyu changu kikawa kinanuka moshi tu.

Ndipo Jerotich akaniambia, akiwa anafagia, bila hasira: “Mama, mvua nyingine ikinikuta hapa sina shina la wimbi, nitachukua watoto niende kwa baba.” Angelisema kwa kelele ningelidhani ni njaa inasema. Alilisema taratibu, nikajua ameshalikata. Na watoto wale ndio Kimutai wote niliyebakiwa naye.

Kwa hiyo nikaamua kwenda kwa Kobilo kuomba mbegu, nikiwa sijui kama atanipa hata maji.

Kiplombe mpaka Moiben, juu ya magunia

Tulipata gari la ng'ombe lililokuwa likipeleka posho Moiben. Si njia fupi ya kwenda bondeni, lakini mguu wa mzee haukatai msaada. Dereva alikuwa Shikuku, mtu wa upande wa Kakamega, mwenye shati lililokuwa limeshindwa na mgongo wake. Tukakaa juu ya magunia, Kiptoo akafuata nyuma na Sajini.

Nekesa alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, ile ya maua, na mkononi ana kopo la njugu za kukaanga na simsim. Nilimwambia njia ni ya miba. Akasema yeye haendi kuomba kitu kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, akiwa amevaa kama anatoka kukamua ng'ombe.

Tulipopita Sisibo, vumbi la madukani likatufanya sote rangi moja. Shikuku akageuka akauliza kama akina mama hawa wanakwenda kuposa, maana wamejipamba.

“Tunakwenda kuomba mbegu,” Nekesa akamjibu. “Tukirudi salama tutakuombea na wewe mke, shati lako linalia.”

Ng'ombe wa Shikuku walikuwa wamekonda kama ngazi. Kila kilima walisimama wakapumua, na sisi tukashuka tukatembea ili wasione aibu. Pande zote mbili mashamba ya Makaburu yalikuwa ya njano, mahindi yamefika kiunoni yakaacha. Nilikuwa sijawahi kuiona nchi hii imenyamaza hivyo.

Moiben tulimshukuru Shikuku kwa njugu. Alizila zote tulizompa na simsim juu yake, akasema hajui kuomba lakini atatukumbuka akipata chakula kingine kizuri.

Lango la karantini

Kutoka Moiben kwenda ukingoni kulikuwa na lango, kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe. Mlinzi wake aliitwa Barnaba. Alimtazama Sajini mbele, akamtazama nyuma, akasema mnyama hapiti.

Kiptoo akamwambia huyu ni punda, na ugonjwa ni wa ng'ombe. Barnaba akasema amri aliyopewa inasema mnyama, na punda si mti. Tungoje mkubwa wake aje aamue. Mkubwa wake atakuja lini? Akija.

Tukakaa. Kiptoo akaanza kukasirika kijeshi. Nekesa akakaa kivulini akaanza kuimba taratibu wimbo wa kanisani kwa Kibukusu. Nikaona Barnaba amesimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Akaja akakaa karibu. Wakaanza kuzungumza lugha yao, na hapo ndipo tulipokwama kabisa, kwa sababu ilikuja kuonekana kwamba mama yake na shangazi yake Nekesa walichota maji kisima kimoja. Akatupikia viazi vitamu alivyokuwa amefukia kwenye majivu. Akatuuliza habari za watu ambao mimi siwajui, wengine wamekufa, akawalilia kidogo, tukaendelea kula.

Kivuli kiliporefuka nikamwuliza kuhusu mkubwa wake. Barnaba akainama akachora chini na kidole.

“Mama, punda anapita,” akasema. “Alikuwa anapita tangu asubuhi. Ni kwamba hapa watu hawakai.”

Kiptoo alitaka kusema neno, nikamkanyaga mguu. Nekesa akamwachia Barnaba njugu zilizokuwa zimebaki chini ya kopo, na ahadi ya wimbo mwingine tukirudi.

Mahali Sajini alipogoma

Mbele ya pale, nyasi zote zikiwa zimeungua kwa jua, Sajini alisimama, akanusa, akaiacha njia akaenda zake uwandani. Kiptoo alivuta kamba, akasukuma nyuma, akamwita kwa majina yote ya kambini. Sajini hakusikia.

Tulipomfuata tukamkuta ndani ya duara la nyasi fupi, kijani, laini. Duara kubwa, kama limechorwa. Nje yake nyasi ndefu ngumu za njano. Ndani yake kijani, na pembeni managu, mboga ya mwitu, yameota kwa wingi hata Nekesa akaanza kuchuma akijaza upindo wa nguo yake ya maua.

Mimi sikuchuma. Nilisimama, na miguu yangu ikajua kabla ya kichwa. Nikatembea upande linakotoka jua, nikatafuta jiwe, na jiwe lilikuwepo, lile lenye shimo la kusagia, limezama nusu. Nikatafuta kisiki cha mzeituni wa porini ambapo baba alifunga ndama, na kisiki kilikuwepo.

Hili lilikuwa boma la baba yangu. Hapa ndipo mimi na Kobilo tulipochotea samadi kwa vigae tukitupiana. Tulihama nikiwa msichana. Baadaye yakaja magari ya Makaburu, na waya ukapigwa, na huo hapo ulipita katikati ya boma kama mtu aliyepita katikati ya usingizi wa mwingine bila kumwona. Ng'ombe wa baba walikwisha kufa wote, na ndama wa ndama zao pia. Lakini nyasi zilikuwa bado zinakula samadi yao. Nchi nzima ilikuwa imekauka, na boma la baba lilikuwa bado linalisha mnyama wa mgeni.

Nikawaeleza. Kiptoo akavua kofia. Kisha akasema, “Shangazi, huku Makaburu husema waliikuta nchi tupu.”

“Wamwulize Sajini,” nikamwambia.

Tulimwacha ale mpaka atosheke. Managu tulipika pale pale kwenye sufuria ya Nekesa na chumvi tu, na nawaambia sijala mboga nyingine iliyonipa nguvu ile. Nilikuwa nimetoka nyumbani kama mwombaji. Kutoka pale nilitembea kama mtoto wa mtu.

Ukingoni, na kuteremka Tambach

Iten tulifika kukiwa na ukungu, na baridi ya kule juu ilikuwa ikimfanya Nekesa atembee amejikumbatia. Ghafla nchi ikaisha. Ukungu ukafunguka kidogo na chini kabisa tukaona bonde la Kerio, la rangi ya ngozi ya simba. Nekesa aliuweka mguu ukingoni, akaurudisha.

“Mama Kimutai,” akasema, “nyinyi watu mnakwenda nyumbani kwa kuanguka?”

Kuteremka ni kazi ya magoti. Sajini alikwenda vizuri kuliko sisi. Pale ukingoni kuna miti iliyoinama yote upande mmoja kwa sababu ya upepo wa bondeni, na siku ile upepo ulikuwa umelala kabisa, lakini miti bado imeinama. Nekesa aliuliza inaogopa nini na hakuna kitu. Nikamwambia haiogopi, ndivyo ilivyokulia.

Tambach tulipumzika kwa mama mmoja aitwaye Jesang, ambaye hakutujua wala hakutuuliza. Alitupa mursik, maziwa ya kibuyu yaliyoganda, na ugali baridi. Alipojua tunakwenda kwa Kobilo wa Cheboi akacheka akasema, “Yule mwenye wimbi ya mawe.” Nikamwuliza maana yake. Akasema nitaona mwenyewe, na kwamba Kobilo hapendi mtu wa kumsemea.

Chini ya Tambach joto likatupokea. Mierezi iliisha, ikaja migunga na mikwaju. Nekesa alifungua kitambaa kichwani, akafungua vifungo vya shingoni, akasema kama kuna kingine cha kufungua Mungu amwonyeshe.

Kwa Kobilo

Wa kwanza kutuona alikuwa Cheboi, mume wa Kobilo, amekaa akichonga mzinga wa nyuki. Macho yake yamefifia lakini sauti yangu aliijua. Akasimama, akaja kwangu, akanitemea mate kidogo viganjani, nikayapaka kifuani. Ndivyo wazee wetu wanavyobariki. Kisha akaenda kwa Nekesa, akachukua mikono yake, akafanya vilevile. Nekesa akaikung'uta, akaifuta kwenye maua ya nguo yake.

Hapo Kobilo alikuwa ametokea mlangoni, na hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona.

Nikamweleza Nekesa haraka kwamba amepewa baraka. Aliona aibu mpaka shingo ikaiva. Akarudi kwa mzee, akapiga magoti na nguo yake ile, akanyoosha viganja tena. “Mzee,” akasema, “ile ya kwanza imeanguka. Niongeze.” Cheboi alicheka mpaka akashika mti, na akamwongeza kwa wingi.

Kobilo hakucheka. Alinisalimu kwa heshima yote, akatupa maji, maziwa, ugali wa wimbi mwekundu na nyama ya mbuzi na asali. Aliniuliza habari za kila mtu kwa jina, na nilipofika kwa Kimutai alinishika mkono na hakuuachia upesi. Lakini nilipofungua mdomo kusema kilichonileta, akasema kesho ni mavuno, mikono haitoshi, kama tumekuja tuvune.

Basi tukavuna. Shamba lake limeshika mteremko. Chini kuna mfereji mdogo unaoleta maji kutoka mlimani, na wimbi iliyo karibu na mfereji imenenepa. Juu ni mawe na kokoto, na huko wimbi ni fupi, inaishia chini ya goti. Nilipoiona ile ya juu niliihurumia. Kobilo alitupa visu vidogo na vikapu, akasema kila mmoja achague mahali pake, na kwamba anataka masuke ya mbegu kwanza.

Mimi nimechagua mbegu tangu utoto. Mbegu ni suke kubwa, lililojaa, hata nyinyi mnajua. Nikateremka mferejini nikachagua masuke kama yale yangu ya zamani, kikapu kikajaa mapema, nikawa najisifu rohoni. Nekesa yeye alikwenda juu kwenye mawe. Nilimwita ashuke, akasema haoni vizuri mgeni kwenda moja kwa moja kwenye mazuri ya mwenye shamba. Akawa anakata vile visuke vidogo vilivyokauka, akivipanga kama mayai.

Jioni Kobilo akaja kupokea. Aliingiza mkono kwenye kikapu changu, akainua suke moja, akalipima. Kisha akachukua kikapu chote akakimwaga kwenye ngozi ya chakula, pale wimbi ya kupika inapowekwa.

“Hizi ni za kula,” akasema.

Akaenda kwa Nekesa. Akatazama, akanusa, akatafuna punje. “Na huyu nani amemfundisha?”

“Hakuna, mama,” Nekesa akasema. “Ni adabu tu.”

Mnaelewa? Nimetembea kutoka Kiplombe nikaomba kwa mikono, nikapimwa, nikashindwa mbele ya dada yangu katika kazi ambayo mama yetu alitufundisha sisi sote wawili. Nikamwuliza Kobilo, mama hakusema suke kubwa?

“Mama alisema suke lililoshinda,” akanijibu. “Huko juu kwenu kila suke linashinda, kwa hiyo ukachukua kubwa. Hili lako limelelewa na mfereji. Ukilipanda kwenye kiu litakaa linangoja mfereji uje. Lile la mawe limeona mvua ikikatika, na mama yake aliona, na nyanya yake. Halingoji. Likipata tone linaanza kuzaa.”

Nilikuwa naiona wimbi yangu ya Kiplombe, imefika kifuani, inangoja.

Ndipo akanishika mkono akanipeleka juu kabisa, mwisho wa shamba, nyuma ya jiwe kubwa. Palikuwa na kipande kidogo, kimezungushiwa miba peke yake, wimbi fupi, nyekundu, imeiva yote.

“Unaijua hii?”

Nikasema ni ile yake ya mawe.

“Si yangu. Yangu ni ile pale. Hii ni yako.”

Sikuelewa. Akaniambia nikae, na yeye akakaa. Akasema mwaka ule wa majani alinilaani, ndiyo, asinifiche. Alikwenda shambani kuing'oa yote awape mbuzi. Akakuta kwenye mawe mashina machache, membamba, yamezaa kila moja visuke kama ukucha. Akasema moyoni, hii pia ni ya mama, haina kosa, imelelewa tu kwa raha. Akayakata, akapanda punje zake mbali na mfereji. Mwaka uliofuata akachukua yale yaliyoiva kwanza. Na mwaka uliofuata vilevile, bila kuyasaidia kwa maji hata yalipolia. Kila mwaka yakawa mafupi, yakawahi kuiva.

“Nilikuwa naifundisha njia,” akasema. “Ilikuwa imesahau tu. Haikuchukua hata umri wa mtoto mmoja.”

“Na mimi kwa nini hukuniambia?”

Alitazama bondeni. “Ningekutumia kwa wachuuzi ungesema Kobilo amenirudishia maudhi yangu. Nilingoja uje kwa miguu yako uione.”

Hapo tulilia kidogo, sitawadanganya, watu wazima wawili nyuma ya jiwe. Kisha akanipa kisu kidogo, tukaivuna pamoja, tukichagua iliyoiva mbele ya wenzake. Aliimwaga kwenye kibuyu changu nilichokuja nacho kitupu, chenye moshi.

“Sikupi mbegu, mtoto wa mama,” akasema. “Nakurudishia yako.”

Nekesa naye alipewa, ile aliyoichuma kwenye mawe, ijapokuwa wimbi ya mama yetu haikuwahi kutoka nje ya binti za ukoo. Nilimwuliza Kobilo kuhusu hilo. Akasema mtu anayerudi kuomba mate mara ya pili si wa nje.

Kupanda tena

Kupanda sitawaeleza sana kwa sababu nilikuwa nimeshika mkia wa Sajini na macho nimeyafumba. Cheboi alitupa asali, na nyuki walitusindikiza mpaka Tambach. Kiptoo ndiye aliyebeba vibuyu, mgongoni kwake mwenyewe, hakumwamini Sajini, akasema hajawahi kubeba mzigo wa thamani hii hata jeshini. Pale kwenye boma la baba tulipumzika bila mtu kuuliza kwa nini. Langoni Barnaba alikuwa amefukia viazi tangu alipoona vumbi letu, na Nekesa alimwimbia wimbo wake wote na mwingine juu yake. Alimwachia asali. Barnaba alitaka kutupa kitu cha kurudisha, akatufungulia lango kwa mikono miwili kama gari la gavana linapita.

Mvua

Tulipopanda, Kobilo alikuwa ameniagiza niiweke mahali pagumu na nisiipende sana. Nikaiweka kwenye changarawe nyuma ya nyumba, mahali ambapo Kaburu hakuwahi kupataka. Kabla ya kurusha mbegu Nekesa alitema mate viganjani mwake kisha viganjani mwangu, halafu akasema amina ili na upande wa kwao usikie.

Mlicheka, msikatae. Mama Barng'etuny alipita akasema Tabsabei amepanda wimbi ya sungura. Nyapara alisema nimeleta magugu ya bondeni. Ilikuwa chini ya goti, kweli. Jerotich alikuwa akiitazama kila asubuhi akienda kuchota maji, na nguo za watoto zilikuwa zimekunjwa zimefungwa kwenye kitambaa kando ya mlango.

Kisha mvua ikakatika, kama ile misimu mingine. Mnakumbuka jinsi kila mtu alivyotazama juu. Wimbi yangu haikutazama juu. Ilikuwa tayari imetoa masuke. Mashamba mengine yalipokuwa yakigeuka njano, yangu iligeuka nyekundu, na hiyo ni rangi nyingine kabisa. Tulivuna mimi, Jerotich, Jepkemboi na Nekesa. Siku ya kupura, nilitafuta kitambaa cha kufunikia wimbi isiliwe na kuku, Jerotich akaniletea kile kilichokuwa kando ya mlango. Nguo alikuwa ameshazirudisha mahali pake. Nikakitandaza juu ya wimbi na hatukuzungumza habari hiyo tena.

Mama Barng'etuny amekuja kuomba mbegu, na nimempa, na nimempa kutoka kwenye changarawe, na nimemwambia asichague kubwa.

Kobilo na mimi tumepatana hivi. Kila mavuno, kibuyu kimoja kitateremka na kimoja kitapanda. Anasema mvua nzuri itarudi huku juu, na wimbi yangu itanenepa tena isahau, ndivyo ilivyo, haikatazwi. Lakini nusu nyingine itakuwa chini kwenye mawe ikikumbuka kwa niaba yake. Na bondeni kukija mwaka wa mafuriko, ile yangu ndiyo itakayojua la kufanya. Kiptoo amekubali njia hiyo, yeye na Sajini, na Jepkemboi amesema akikua ni yeye atakayekwenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Kama nimekosea mahali, mliokuwepo nirekebisheni: Nekesa anasema yule mama wa Tambach aliitwa Jesire wala si Jesang, na Kiptoo anasema lango lilikuwa baada ya boma la baba, si kabla. Huenda. Majina na malango leteni, nitaandika upya. Lakini mwenye neno juu ya wimbi, kwamba haikumbuki, asinirekebishe kutoka barabarani. Apite nyuma ya nyumba, kwenye changarawe, aipime na goti lake.